Kona ya Nyuma ya Tipoyi

Ukidhani nimetunga, njoo hapa Bunia nikuonyeshe mtoto mwenyewe. Mimi si mtu wa maajabu. Hata kanisani wakianza kusimulia ndoto zao, mimi husinzia.

Dada yangu Lotsove alishikwa na uchungu kijijini kwetu milimani, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mvua ilikuwa imekata barabara, pikipiki hazipiti. Tukamweka kwenye tipoyi, kiti kilichofungwa kwenye mianzi miwili, watu wanne, kila mmoja na kona yake begani. Kwetu, ukikutana na tipoyi njiani unashika kona, na hakuna anayekuuliza jina mpaka mgonjwa ashushwe.

Jioni shemeji, mume wake, aliteleza akateguka mguu. Tukabaki watatu. Watatu wanabebaje tipoyi? Mara mwanamume mwembamba aliyejifunika blanketi akatoka kwenye shamba la mihogo, akashika kona ya nyuma. Shemeji akatufuata akichechemea.

Tukafika kituo cha afya. Mlango umefungwa, nyasi mpaka dirishani. Nikasema tumshushe, tumngoje muganga.

“Musimushushe apa,” yule mtu akasema. “Miye balinishushaka apapa, nikangojea.”

“Na muganga alikuya?”

“Niko nangojea.”

Niamini, miguu yangu iliondoka bila kuniomba ruhusa. Lakini Lotsove alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko yule mtu. Tukatembea mpaka kukapambazuka.

Mlinzi wa hospitali hapa mjini alitukodolea macho. “Muko batatu tu? Ile kona ingine nani anabeba?”

Nikageuka. Kwenye kona ya nyuma hakukuwa na mtu. Ncha ya mwanzi ilikuwa juu, sawasawa na zetu, na ilikaa hivyo mpaka Lotsove aliposhushwa. Ndipo ikaanguka.

Mama na mtoto walipona. Tulitaka kumpa mtoto jina la yule mtu, lakini nani alimuuliza? Jumapili nikimwombea nasema tu “yule wa kona ya nyuma”, na inaniuma. Kile kituo bado kimefungwa.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikutana na tipoyi tua mzigo wako ushike kona. Usiseme watampata mwingine. Watampata, kweli. Ila huyo naye ni mgonjwa, na bado anamngoja muganga.