Mazishi ya Kapteni wa Kahawa

Jeshi langu lilikuwa la kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa na maganda yake. Kila punje ilikuwa askari, na kapteni wao nilimfunga uzi mwekundu kiunoni. Jeshi la mwenzangu lilikuwa la vifungo vya mashati. Yeye ni muuguzi, alikuwa anakaa mjini, mtaa wa Bilele. Tulipokuwa wote chuoni tuliona kwenye simu watu wakipigana vita vya mezani kwa visanamu vya plastiki: sayari za mbali, waganga wanaorusha meli za chuma kati ya nyota, dadu za kuamua nani afe. Visanamu hatukuwa navyo. Ulimwengu tukautunga wenyewe, na vita vyetu vilidumu miaka minne, kila Jumamosi asiyokuwa na zamu, mezani kwa mama yangu, kijijini Nshamba, tukipima hatua za askari kwa tepu ya fundi cherehani.

Sheria mbili hatukuzichezea. Askari akitoka mezani harudi. Na aliyeua ndiye anayeandika mazishi, kwenye daftari letu moja. Hiyo ya pili niliidai mimi ili asiniue ovyo, maana mwenzangu ni mvivu wa kuandika.

Kisha akapata uhamisho wa Dodoma, tukakubaliana kumaliza. Sayari yangu ikianguka, hadithi yake imekwisha. Kapteni nilikuwa nimemwandikia kurasa nyingi kuliko nilizowahi kumwandikia mtu yeyote, na sifichi, niliogopa.

Katikati ya mchezo tuliingia jikoni kupakua ndizi. Askari wa akiba, kapteni akiwa nao, niliwaacha kwenye kikapu kidogo pale mezani sebuleni. Mjomba akafika kutoka Rubafu, na mama alipoona kikapu cha kahawa alifanya anachofanya kila mama wa huku mgeni akiingia: akamkaribisha kwa kahawa atafune. Tuliporudi mjomba alikuwa anatafuna, na uzi mwekundu uko gotini kwake.

Nilimfokea mama, tena mbele ya mgeni, jambo ambalo bado naliona aibu. Alinijibu kwamba kahawa iliyo kikapuni sebuleni ni ya wageni, na kama ni askari ningewaweka kambini.

Mwenzangu hakunionea huruma. Kapteni ametoka mezani, alisema, na aliyemla aandike mazishi. Akamsimulia mjomba miaka minne kwa dakika tano. Mzee alisikiliza bila kucheka, akauliza kapteni alikuwa wa ukoo gani. Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kumpa ukoo.

Mjomba alilisogeza daftari kando.

"Mwihwa," aliniambia, maana mimi ni mtoto wa dada yake, "mimi sikuua mtu. Nilikaribishwa."

Tukaendelea. Bila kapteni nilipigwa katika mizunguko mitatu, sayari ikaungua yote. Mazishi yakawa ya mwenzangu kuandika, akaondoka na daftari.

Miezi miwili ikapita kimya. Nilikasirika, nikajisemea kwamba hivyo ndivyo walivyo watu wa vifungo, wakishashinda basi. Nilimkumbuka pia, na hilo liliniudhi zaidi.

Halafu asubuhi moja ikaja picha kwenye simu: ukurasa mmoja, mwandiko wake mbaya uleule. Sayari aliizika kwa mistari mitatu tu, mvivu yule. Chini yake akaandika: "Kapteni hakuwepo siku ile. Alikuwa ameenda kukaribisha mgeni. Sasa anatafuta pa kukaa. Mjomba aliuliza ukoo. Mwandike wa kwetu."

Nililia pale pale, na chai ikapoa. Uzi mwekundu nilikuwa nimeutunza ndani ya kitabu cha sala. Nikauchukua, nikaenda kumwomba mama punje moja ya kahawa, na safari hii nikamweleza ni ya nani.