Mikwaruzo Iliyonyooka

Wifi yangu ana mdomo. Sisemi kwa ubaya, na hata ningesema kwa ubaya, yeye mwenyewe angekuwa ameshalisema kabla yangu. Mtaani wanamwita Redio. Ukipita chini ya dirisha letu asubuhi utajua bei ya nyanya, nani kagombana na nani, na kwa nini kinyozi wa ng'ambo ya barabara hajaoa. Kinyozi mwenyewe huzima mashine ili asikie.

Kazi yake ni kutengeneza magitaa. Ufundi wa vanishi aliurithi kwa marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa seremala wa vitanda na makabati. Chumba cha mbele ndicho karakana: meza iliyotandikwa blanketi, kopo la vanishi, chupa ya tina ya kuizimulia, msasa wa maji uliokatwa vipande vidogo, na vitambaa vya kung'arishia vilivyokuwa fulana kuukuu za mume wangu. Nyingine hazikuwa kuukuu zilipochukuliwa.

Mkwaruzo mdogo hupimwa kwa ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama, ni kazi ya polishi tu. Ukikwama kidogo, vanishi imekatika lakini mbao bado nzima. Hapo huchovya brashi nyembamba, akavuta tone moja taratibu kutoka mwanzo wa mkwaruzo hadi mwisho, bila kusimama. Likishakauka na kutuna kama kovu, hulisawazisha kwa msasa na maji mpaka kidole kisijue mahali palipoumia. Shida ni moja. Pumzi ikiligusa tone bichi, vanishi huingia ukungu mweupe, na kazi yote inarudiwa. Kwa hiyo akishika brashi ile hasemi, hacheki, hata kichwa hatikisi. Mtaa ukiwa kimya, watu wanajua Redio yuko kwenye vanishi.

Aliwahi kuolewa. Mume yule alipenda utulivu, kila saa "punguza sauti," mwisho akamrudisha kwao kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani. Wifi alilia, nami nikalia naye. Kisha akaniapia: "Wifi, siolewi tena na mtu wa kuniambia nyamaza. Bora nizeeke na magitaa, yana tundu la kusikilizia." Nilicheka, lakini iliniuma, maana nilijua anatamani kuwa na mtu wake.

Ndipo akaja fundi cherehani wa mwisho wa mtaa, mgane, mpole kupita kiasi, ambaye hupiga gitaa harusini. Gitaa lake lilikuwa na mkwaruzo ubavuni. Likatengenezwa. Halikukaa, likarudi na mkwaruzo mwingine, ati limegongwa na mlango. Likarudi tena, ati paka. Wifi hupitisha ukucha, akakohoa kidogo, akaendelea na habari za mtaa. Fundi naye hukaa kwenye stuli, mikono magotini, akisikiliza kama taarifa ya habari. Kila akifungua mdomo, habari nyingine imeshaanza.

"Huyu ana lake jambo," nikamwambia wifi.

"Ana mlango mbaya," akanijibu.

Siku moja mchana fundi alikuta brashi tayari iko juu ya gitaa lake na tone linaning'inia. Mimi nilikuwa kando ya mlango nachambua mchele. Akakaa kwenye stuli yake, akasikiliza ule ukimya, akajikaza.

"Leo nitasema," akaanza, "kwa sababu ndiyo nafasi pekee niliyopata. Nataka kukuoa. Watu wananiambia una maneno mengi. Mimi nimezoea cherehani. Ikinyamaza ndipo najua kuna kitu kimeharibika. Na nyumba yangu imenyamaza tangu mama watoto afariki. Sitaki unyamaze. Unasemaje?"

Haya, unasemaje, na tone limeshagusa gitaa? Macho ya wifi yalijaa machozi, lakini mkono uliendelea kuvuta tone. Nilitamani nimjibie, lakini posa haijibiwi na wifi. Fundi, asiyejua kwamba pumzi huharibu vanishi, akasubiri, akaigeuzageuza kofia yake.

"Wanasema kunyamaza ni kukubali," akasema polepole, "lakini hiyo ni kwa wengine. Wewe jambo ukilitaka hunyamazi." Akainuka. "Dada, kwa heri," akaniambia, akatoka.

"Wifi, anaondoka!" nikanong'ona. Brashi ilikuwa bado nusu ya safari. Ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho. Akaiweka chini, akaligeuzia gitaa mgongo, ndipo akavuta pumzi na kukimbilia dirishani.

"Fundi! Fundi we! Unauliza swali la maana halafu unakimbia, nani kakufundisha hivyo? Ndiyo! Umesikia? Nimesema ndiyo! Rudi hapa, na usikanyage ngazi kwa vishindo, vumbi litaniingilia kwenye vanishi!"

Kinyozi akazima mashine. Mteja wake akatoka nje kichwa kimenyolewa nusu, akapiga mluzi. Mimi nilimwaga mchele wote sakafuni nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sijui kama nilifurahi hivyo hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

Fundi akarudi, ananyata ngazini kama mwizi. Wifi akamvuta shati mpaka mezani.

"Mlango, eh? Paka, eh? Mkwaruzo wa bahati mbaya huenda upogo. Yako yote imenyooka kama pindo la suruali! Hata ukiharibu kitu lazima upime?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilipiga mstari wa chaki kwanza."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kicheko kilipoisha, fundi akamuuliza wifi, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ule wa kwanza."

Nikaduwaa. Huyu, ambaye siri haimalizi naye kikombe cha chai? "Na hukumwambia mtu?" nikamuuliza. "Hata mimi, wifi yako?"

"Ningesema, angeona haya," akajibu. "Angeona haya, asingekuja tena."

Alilisema kwa sauti ndogo sana, hata kinyozi hakulisikia.