Ukurasa wa Redio

Mtumbwi wa injini ulipopita miamba ya mwisho, Burhani alikuwa ametapika mara mbili, na taipureta bado ameikumbatia. Alizaliwa Miembeni, mjini Bukoba, akaliona ziwa kila siku ya maisha yake, lakini visiwa vya Muleba hakuwahi kuvikanyaga.

"Ninyi watu wa mjini," nahodha alimwambia, "ziwa mnalijulia bombani."

Kabla hajashuka alikwisha kupewa jina: Bwana Taipu. Pale mwaloni, kambini kwa wavuvi, hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Wavuvi walitoka Geita, Ukerewe, Kigoma, wakawa Sindano, Msumari, Shemeji. Mtu aliweza kuvua miaka sita na mwenzake asijue mama yake alimwitaje.

Aliyemwita Burhani aje na taipureta na mashine yake ya kudurufu ni Minza, mwanamke aliyewapikia wavuvi wali na sangara. Tangu maradhi yaingie kisiwani aliwauguza wasio na ndugu, na kila mmoja alimuuliza mapema, angali na sauti: jina lako kamili nani, kwenu wapi, nani anakungoja? Majibu aliyaandika daftarini kwa mwandiko wa elimu ya watu wazima. Walifika thelathini na mmoja, wote wamezikwa kilimani, na makwao bado wanatazamiwa. Ugonjwa hakuutaja. Nani asiyeujua?

Daftari alilipeleka kwa wachapaji wa vitabu Dar es Salaam, wakamjibu kwa adabu kwamba halina hadithi. Basi, akasema, kitabu atakitoa mwenyewe, na Alhamisi ataondoka nacho katika mtumbwi wa dagaa, akipitishe kijiji kwa kijiji.

Burhani alimwonyesha kazi inavyoanza. Utepe wa wino huondolewa, ili herufi zitoboe stensili, karatasi ya nta inayopitisha wino. Ukikosea, unapaka rangi ya kucha, unangoja ikauke, unapiga tena. Siku tatu yeye alichapa na Minza akazungusha mpini wa mashine ya kudurufu. Kurasa walizianika kwenye chanja za dagaa, zimegandamizwa kwa mawe, hata kitabu kizima kikanuka samaki. Majalada waliyakata kwenye mifuko ya saruji, wakashona kwa uzi wa nyavu.

Lilibaki jina moja, Redio. Burhani akasubiri asomewe. Minza akalifunga daftari.

Redio alikuwa mwanamume wake. Alikuja baada ya vita vya Kagera, amevaa koti la jeshi, mdomo haufungi. Alisimulia Uganda yote, mpaka tumbili aliyeiba kofia ya afande, lakini akiulizwa kwao alisema, "Kwetu ni hapa ulipo." Minza alifurahi kusikia hivyo. Miaka minane alifurahi. Redio alipougua, Minza, aliyemuuliza kila mtu, huyu hakumuuliza hata akafa, maana kisiwa kizima kilijua: ukiona Minza kaja na daftari, safari yako imeiva.

"Andika Ukerewe," Msumari alisema kutoka mlangoni. "Nusu ya kisiwa wametoka huko. Hutakosea sana."

"Na mama yake nimwandike nani? Wewe?" Minza akamjibu.

Wenzake wakamcheka Msumari. Burhani akashauri taratibu kwamba ukurasa huo uachwe.

"Kaka Burhani," Minza alisema, "wale wengine nawapelekea watu wao. Huyu namtafutia. Andika koti, andika kovu la shingoni, andika alivyoongea. Pa jina paache wazi."

Burhani alichapa mistari minne. Sehemu iliyobaki ikawa nyeupe.

Alhamisi asubuhi maboksi yalipakiwa juu ya magunia. Mtumbwi wa Bukoba ulikuwa wa Jumamosi, kwa hiyo Burhani alibaki ufukweni na mashine yake. Alitafuta neno la kumuagia Minza, kwa Kiswahili, kwa Kihaya, akapata "safari njema" tu. Minza alimsihi ile stensili ya Redio asiitupe, jina likipatikana walijaze.

Mtumbwi haujageuka vizuri, Burhani alimwona amekwisha kufungua nakala moja, anamwonyesha ukurasa ule mwanamke aliyeketi karibu naye. Mwanamke aliinama akasoma kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, na Minza akamgeukia abiria wa pili.