Mkono Uliobaki Kwenye Kalenda

Karatasi kuukuu ikimwagiwa maji moto hutoa harufu ya uji uliochacha. Naijua harufu hiyo vizuri, kwa sababu likizo nzima ya Agosti, nikiwa darasa la tano, mimi na Shosho, nyanya yangu, tulizunguka Elburgon tukiloweka kuta za watu. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na upepo wa msitu wa Mau ulipenya kwenye kila ufa, kwa hivyo watu walibandika magazeti na kalenda ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Sisi tulitafuta kalenda moja tu. Kiwanda chetu cha kupasua mbao kilichapisha kalenda kila Krismasi na kuwagawia wateja bure, jina la kiwanda juu na picha ya kazi chini yake. Ile ya kwanza kabisa, alisema Shosho, ilimwonyesha yeye na babu wakisukuma gogo kwenye msumeno. Nakala yetu wenyewe, baba yangu na ndugu zake walikuwa wameifunikia madaftari ya shule zamani hizo.

Hatukuwa tunatafuta ukumbusho. Babu alikuwa amefariki majuzi tu, na kabla kaburi lake halijaota hata nyasi, ndugu yake mdogo, tuliyemwita Guka Mwaura, akaleta mnunuzi kutoka Milimani, mtaa wa matajiri, bwana wa viatu vinavyong'aa aliyezunguka uwanja wetu bila kutusalimia. Guka Mwaura aliwaambia wazee wa ukoo kwamba kiwanda walikianzisha yeye na babu, na kwamba Shosho aliolewa akakikuta kinanguruma. Hata kidole kidogo cha Shosho cha mkono wa kushoto, kilichokatwa na msumeno, eti kilikatwa na shoka akipasua kuni za kupikia! Wazee walitupa hadi mwisho wa likizo tulete ushahidi. Tukishindwa, kiwanda kingeuzwa pamoja na nyumba tuliyolala, maana ilikuwa ndani ya uwanja huohuo. Mama alianza kupanga vyombo kwenye maboksi bila kusema neno, na hilo liliniogopesha kuliko kelele zote za Guka.

Siku zilikuwa zimetuishia tulipofika kwa Mama Tabitha, mshonaji mjane aliyekuwa mteja wetu wa zamani. "Bandueni tu," alisema, "lakini baridi ikiniingia nitakuja kulala kwenu." Shosho alilowesha kwa kitambaa, mimi nikabandua kwa kucha, roho mkononi, maana nyumba tuliyotoka karatasi yote ilikuwa imevunjikavunjika kama chapati kavu. Yaliondoka matangazo ya sabuni, ikaondoka timu ya mpira, kisha zikatokea herufi za kijani za jina la kiwanda chetu. Nilishusha karatasi taratibu hadi nikamwona babu, kijana mwembamba mwenye kofia, ameshika gogo. Upande wa pili picha ilikuwa imeishia. Nilihisi machozi yakinijia. "Shosho, wewe humo!" Hata hakushtuka. "Angalia hapo kwenye gogo," alisema. Pale palikuwa na mkono mmoja, umekatwa kwenye kifundo na ukingo wa picha.

Kwenye kikao Guka Mwaura aliitazama kalenda akacheka hadi akakohoa. "Huu ni mkono tu. Unaweza kuwa wa mtu yeyote." Shosho aliuweka mkono wake wa kushoto mezani kando ya picha, na wazee wakainama. Kidole kidogo kilikuwa kimeishia mahali pamoja katika mikono yote miwili. Mzee mkubwa kuliko wote alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na wewe, Mwaura, uko wapi hapa?" Guka alibabaika, akasema, "Wakati huo nilikuwa bado nasoma." Hakuna aliyehitaji kuuliza lingine. Bwana wa Milimani hatukumwona tena, na Mama akatoa sufuria kwenye maboksi.

Mimi nilirukaruka uwanjani kama mwendawazimu, lakini Shosho alikaa juu ya rundo la mbao akiitazama ile kalenda. Nilimwuliza kwa nini hafurahi. "Mpiga picha alituchukua sote wawili," alisema. "Babu yako ndiye alimwambia anitoe. Alisema mteja akiona mwanamke kwenye msumeno, ataenda kununua kwingine. Mkono walishindwa kuutoa, ulikuwa umeshika gogo." Kumbe miaka yote alijua, na alikuwa anautafuta mkono tu. Nilimpenda sana babu, na siku hiyo nilimkasirikia vibaya, na bado sijajua namna ya kuacha.

Sasa biashara ni yangu, na yadi iko Nakuru mjini. Kalenda hatuchapishi tena. Tangazo naliweka kwenye simu, na kesho yake limefutika, hakuna wa kulibandika ukutani kuzuia baridi. Juzi nilimwita kijana anipigie picha za mbao mpya. Nilikuwa nimesimama kando ya msumeno, vumbi la mbao kwenye kilemba. Akainua simu, akaishusha. "Madam, hebu songa kidogo," aliniambia kwa heshima zote, "client anataka kuona mbao." Nilimwambia arudi nyuma hatua chache, apige tena, na nionekane mzima, kuanzia kilemba hadi viatu vya gambuti.