Mgonjwa Asiyekuja Zahanati

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Mwakitolyo. Nilikuwa kijana, mkali, na nilijiona najua kazi.

Kila Jumatatu mwanamke mmoja, akitoka kisimani, alipita kumchukulia dawa mama mkwe wake. Maelezo yalikuwa yale yale: kisogo kinamgonga, macho yana ukungu. Nami nilitoa aspirini zile zile. Nilihisi ni presha, lakini presha haipimwi kwa kusimuliwa.

“Mwambie aje mwenyewe,” nilimfokea.

“Atakuja, daktari.”

Hakuja. Miezi ikapita, nami nikamweka bibi yule kwenye kundi la wazembe.

Jumatatu moja uvumilivu ulinishinda. Nilimwacha yule mwanamke kwenye benchi, nikafunga mashine ya presha kwenye kerea ya baiskeli, nikaenda kumgombeza mgonjwa nyumbani kwake. Nilipiga hodi. Sauti ya mtu mzima ikajibu kwa kuona haya:

“Karibu, baba, ila usiingie. Nguo ameivaa mkwe wangu.”

Vitambaa vilikuwa vimeadimika madukani, na nyumba ile ilibakiwa na kitenge kimoja cha kutokea. Ndani walijifunga magunia. Mkwe ndiye aliyeteka maji na kulima, basi kitenge kilikuwa chake.

Nikamwomba mkono. Aliupitisha kwenye upenyo wa mlango, nami nikampima mara tatu, nikitumaini mashine imekosea. Haikukosea. Dawa ya presha sikuwa nayo. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, safari ya siku mbili, huku nikijua kwamba akiondoka na kitenge hakuna wa kuteka maji. Nikarudi kazini nikiwa nimetimiza wajibu wangu, au ndivyo nilivyojiambia.

Wiki iliyofuata mkwe alikuja mapema, bila ndoo.

“Daktari, ule mkono uliompima mayu, mama mkwe wangu, haunyanyuki tena. Na mdomo umekwenda upande. Anasema mashine yako iliukaza mno, anakuomba uje uulegeze.”

Nilivua shuka la kitanda cha wagonjwa, ambalo wiki nzima lilikuwa pale pale mbele ya macho yangu, nikamfuata.