Ramani ya Kijiji cha Bibi

Mtaa wetu wote wa Mkomaindo ulijua kwamba nina ramani ya zamani ya uwanda wa Makonde. Niliwaambia mwenyewe, hata wasiouliza. Nafundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia akipata ramani yenye mistari ya kontua na vidoti vya nyumba, hakamatiki.

Ndipo mama akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama yake. Bibi alifariki mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Mjomba wake akamchukua, akamlea kijijini kwake Chiungutwa. Mama hakurudi tena kwao. Sasa magoti yalikuwa yanamgomea, naye alitaka kulifagia kaburi hilo walau mara moja.

Jina la kijiji cha bibi lilikuwepo kwenye ramani. Tukapanda bodaboda mbili hadi upande wa Mnyambe, mimi mbele, dira ikining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye ramani amuulize nani?

Katikati ya mikorosho nikatangaza, "Hapa, mama." Palikuwa na makaburi ya zamani. Mama akainama, akafagia, akalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naipiga picha ramani yangu.

Mwanamke aliyekuwa akiokota korosho akatusogelea. "Shikamoo, mama. Mna ndugu hapa?"

"Marahaba. Mama yangu." Mama akamtajia ukoo wetu.

"Hao wamelala kule bondeni, mama. Kijiji kilipanda huku baadaye."

Nikamwonyesha jina kwenye ramani. Akacheka. "Hilo jina la mkubwa wa kijiji, kaka. Alipohama, alihama nalo."

Kila mtu wa huku anajua vijiji vya zamani viliitwa kwa majina ya wakubwa wao. Hata mimi nilijua. Wapima ramani walikuta watu wameshahama, wakaandika walichoambiwa. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kontua zake.

Mteremko wa bondeni ulikuwa mkali. Mama akautazama, akajishika magoti. Nikaona uchungu.

"Nenda wewe," akasema, akinipa ufagio. "Mwambie nimefika mpaka hapa."

Ramani nilimwachia aikalie. Yule mwanamke akatangulia, akanionyesha makaburi ya ukoo wetu. La bibi ni lipi, hakujua. Nikayafagia yote. Kisha nikachuchumaa, nisijue niseme nini na mtu ambaye hatujawahi kuonana naye.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti. "Mwanao yuko hapo juu."