Mimi Nilikuwa wa Kufungua Milango

Enzi zetu, mtoto hakucheza kompyuta mpaka mvua inyeshe. Isiponyesha kulikuwa na kuni za kutafuta, maji ya kuteka na mtoto wa jirani wa kubebwa mgongoni hadi alale. Bahati nzuri tulikulia Kericho, ambako mvua ya saa nane mchana ilikuwa na adabu kuliko walimu wetu: haikuchelewa na haikukosa kazini. Tulitoka shule mbio, sweta za kijani zikinuka kondoo, na harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ikitufuata mpaka mlangoni. Tukifika, tulikuta ugali wa jana umechomwa kwenye makaa hadi ukawa na ganda, na kikombe cha mursik, maziwa ya kibuyu yenye vumbi jeusi la mkaa, ambayo wanangu leo huyanusa kwanza kana kwamba nimewawekea sumu.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya shamba kubwa la chai, na tuliishi katika nyumba za makarani, ambazo zilikuwa na umeme. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ofisi ilinunua kompyuta mpya, na ile ya zamani akapewa baba. Aliileta kwa wilibaro, ameifunika epuroni ya nailoni ya wachuma chai, naye mwenyewe akilowa. Mama aliitazama akasema hana mahali pa kuiweka. Kisha akaiweka sebuleni, mahali palipokuwa pa redio, akaifunika kitambaa alichofuma kwa mkono, chenye maua ya waridi. Kabla ya kucheza tulikunja kitambaa hicho mara nne. Mkunjo usipolingana, hakuna mchezo.

Ndani ya kompyuta hiyo fundi mmoja aliyetoka Nairobi alikuwa ameacha mchezo. Sijui kama aliusahau au alituhurumia. Ulikuwa mchezo wa bunduki: unatembea ndani ya ngome yenye kuta za mawe, askari wanatokea, unawapiga kabla hawajakupiga. Mtu mwenyewe huonekani ila mkono ulioshika bunduki. Ukimaliza orofa moja, unapanda nyingine.

Kibodi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Kiprono, anayenizidi miaka miwili. Alitumia miaka hiyo miwili kugawa kazi. Yeye angetembea na kupiga risasi. Mimi ningebonyeza ile batani ndefu ya chini, inayofungua milango, na kusoma kwa sauti namba ya uhai iliyobaki. Nilipouliza ni lini nami nitapiga risasi, aliniambia kuna watu hawapigi risasi na bado nchi inaenda. Basi nikawa mtu wa milango. Nilifungua milango kwa bidii, na sijawahi kufungua mmoja kabla ya kuambiwa.

Mama alikuwa nyapara. Alisimamia wachuma chai arobaini mlimani, na jioni alitusimamia sisi. Alisimama nyuma ya viti vyetu na kikombe chake akitazama, na jambo la kwanza alilouliza ni wale watu walikuwa wamefanya nini. Kiprono akasema ni askari wabaya. Mama akauliza, "Mliwauliza?" Lakini hakutukataza. Kilichomkera si kuua, ni kuruka. Kwenye chai, ukipewa laini yako, yaani safu yako ya michai, unachuma kila mti kutoka mwanzo mpaka mwisho, huruki hata mmoja, na huvuki kwenda laini ya mwenzako. Alipoona Kiprono anapita chumba bila kuingia, alimrudisha. "Hapo umeacha," alisema. "Maliza kwanza, ndio uvuke."

Kwa hiyo tulicheza mchezo wa bunduki kama watu wanaochuma chai. Tuliingia kila chumba, kuanzia kushoto, tukamaliza kila askari, tukarudi kukagua. Risasi zilituishia kila mara. Nimeona juzi kwenye mtandao vijana wanaomaliza orofa nzima kwa dakika moja, wanapita askari mbio bila hata kuwatazama. Mama angewarudisha wote kwa mguu.

Baba naye alikuwa na sheria yake: radi ikilia, chomoa waya. Ukitazama vizuri utaona shida. Tuliruhusiwa kucheza mvua ikinyesha, na kwetu mvua huja na radi. Muda wetu ulikuwa kati ya tone la kwanza na ngurumo ya kwanza. Siku nyingine tulipata dakika arobaini. Siku nyingine kompyuta ilikuwa haijamaliza kuwaka.

Hivyo ndivyo ilivyotuchukua muhula mzima kufika orofa ya tano, kwenye mlango wa chuma ulio mwisho wa korido ndefu. Siku hiyo tulikuwa na risasi za kutosha, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ngurumo ya kwanza ikalia. Kiprono akasema nichomoe, mimi ndiye niliyekuwa karibu na ukuta. Nikasema kidole changu kiko kwenye mlango. Tulibishana hivyo mpaka ya pili ikafika. Kompyuta ilitoa mlio mdogo na moshi mwembamba, wa heshima, kisha ikanyamaza kabisa. Baba alipokuja aliuliza nani alisikia radi. Tukasema hatukusikia. Nyumba nzima ilikuwa imetikisika, mabati yalikuwa bado yanalia, na sisi tukasema hatukusikia. Baba akaifunika kompyuta kwa kitambaa kama anayefunika marehemu, akaenda kuosha mikono.

Sasa niwaambie kwa nini mwaka huu, nikiwa mama wa watoto watatu na mwalimu wa Hisabati, nilikaa wiki mbili nikijaribu kuufufua mchezo huo.

Baba alipofariki alituachia shamba la chai karibu na Kiptere, akaligawa sawa, nusu ya Kiprono na nusu yangu. Watu walishangaa kwamba binti amepewa sawa na kijana. Kiprono hakushangaa wala hakulalamika, na hilo nitalisema popote. Tuligombana kwa jambo dogo zaidi. Sovea alipokuja kupima, kigingi chake kiliangukia katikati ya laini moja ya chai. Si upande huu, si upande ule. Kiprono alituma watu wakaichuma. Mimi nikatuma wangu. Tukakutana hapo wenyewe tukaambiana maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana, kisha kila mmoja akaapa kwamba hataigusa tena, mwenzake akiona ni yake aichukue. Hakuna aliyeichukua. Miaka sita.

Kama hukulelewa kwenye chai huenda hujui kwamba kile kichaka cha kiunoni ni mti uliozuiwa. Usipochumwa, unainuka. Ile laini ilipanda ikapita kichwa cha mtu, ikatoa maua meupe, ndege wakajenga. Watu wa bodaboda waliitumia kuelekeza wageni: ukifika pale pa ndugu wawili, pinda kushoto. Na mama, ambaye anaishi kwangu, aliiona kila asubuhi kupitia dirisha la chumba chake. Siku moja mwaka huu, akiwa ametoka kulazwa hospitalini kwa siku tisa, aliniambia nimsogezee kitanda upande wa pili. "Mimi nimekuwa nyapara miaka ishirini na mbili," alisema. "Hakuna laini yangu iligeuka msitu." Hakusema kingine. Nilikisogeza kitanda, nikatoka nje, nikalia nyuma ya zizi.

Kwenda kuomba msamaha nilishindwa. Nilijua nikianza na ile laini tutaanza tena. Nikafikiri, nitafute kitu ambacho hatukuwahi kukigombania mpaka radi ilipokiua.

Mchezo niliupata kwa urahisi. Kuna watu huko duniani wanaohifadhi michezo ya zamani kwa mapenzi matupu, Mungu awabariki. Kazi ilikuwa laptop. Niliubonyeza, laptop ikaniambia kwa lugha ya ofisini kwamba kitu hicho hakiwezi kufanya kazi hapa. Nikamwita binti yangu mkubwa, anayesomea kompyuta chuo kikuu. Aliutazama mchezo sekunde tatu. "Mum, hii ni game ama ni ukuta?" aliuliza, akarudi kwenye simu yake. Nikajua niko peke yangu.

Nikasoma, nikagundua kuna programu inayoifanya laptop ijifanye kompyuta ya zamani. Unaiweka, kioo kinakuwa cheusi, herufi nyeupe zinakungoja uandike amri, na ghafla nikamkumbuka baba akiandika amri hizo kwa kidole kimoja, ameshikilia pumzi. Mchezo ukafunguka. Lakini ulikimbia. Laptop ilikuwa na nguvu mno. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti nilikuwa nimeuawa. Nilikuwa nimelipia mashine kwa sababu ya kasi yake, na sasa nikatumia siku nne kuifundisha uvivu. Nilipunguza, nikapunguza tena, hadi askari wakatembea kama wanavyotembea watu wanaolipwa kwa mwezi.

Kisha sauti. Mchezo huo kumbe una muziki, mbwa wanabweka, askari wanapiga kelele. Sisi hatukuwahi kuvisikia, kompyuta ya baba ilijua mlio mmoja tu. Nikavizima vyote nikabakisha ule mlio. Mwisho nikajaribu kucheza. Vidole vyangu vilienda vyenyewe kwenye batani ya mlango, na hapo vikakaa. Sikujua kutembea. Sikujua kupiga. Nilifungua mlango wa kwanza vizuri sana, nikafa mlangoni.

Nilishinda wiki ya pili nikifa mahali hapo. Jumamosi nilienda Kericho mjini, kwenye duka la mtu anayetengeneza kompyuta, nikanunua kibodi kuukuu, ile pana nene, kwa sababu mikono ya watu wawili wazima haienei kwenye laptop. Nilipoichomeka nilimwandikia Kiprono ujumbe wa kwanza katika miaka sita. Niliuandika mara nyingi nikiufuta. Ulioenda ulisema: Ule mchezo umefunguka. Sina wa kupiga risasi.

Hakujibu. Jumapili kanisani alikaa upande wake na mimi wangu. Jumatatu, Jumanne, kimya. Jumatano saa nane mvua ilianza kunyesha, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo nikichambua mboga, nikasikia gambuti zikikung'utwa barazani. Alimsalimu mama kwanza, kwa kirefu, kama inavyopasa, akamuuliza dawa anakunywa vipi. Kisha akaja mezani akanitazama nilivyokaa katikati ya kiti.

"Sogea," alisema.

Nikasogea. Ndevu zake zimeingia mvi. Nilikuwa nimeziona kwa mbali tu. Aliweka vidole kwenye batani zake kama mtu aliyeondoka jana. Mama alitoka chumbani na fimbo yake, akavuta kiti nyuma yetu, na hatujamaliza chumba cha pili akasema tumeacha mmoja kona ya kushoto. Kweli tulikuwa tumeacha. Binti yangu alikuja kusimama mlangoni, akatazama watu wazima wawili wakibanana kwenye kibodi moja na nyanya yake akitoa amri, na kwa mara ya kwanza mwaka huo aliweka simu chini.

Tulikufa mara nyingi. Alasiri ilipokuwa inaisha tulifika orofa ya tano, korido ndefu, mlango wa chuma. Kiprono akaniambia fungua. Nikafungua. Nyuma ya mlango huo, tuliousubiri zaidi ya miaka ishirini na mitano, kulikuwa na korido nyingine. Ndefu kama ile ya kwanza. Tupu.

Kiprono alitazama, mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani anacheka. Alikuwa analia. Nami nikalia.

"Ile chai itabidi ikatwe mpaka chini," kaka yangu alisema hatimaye, macho bado kwenye kioo. "Haitatoa majani leo wala kesho."

"Najua," nilisema.

"Nitakuja na panga Ijumaa. Uje na lako."

Ijumaa tuliikata, mti kwa mti, kuanzia mwanzo, bila kuruka, na mama amekaa kwenye kiti kando. Hatukuamua ni ya nani. Bado hatujaamua.

Nawaona vijana wetu siku hizi, kila mmoja na chumba chake, simu yake, mchezo wake na masikio yake yamezibwa. Wakikosana hawapigi kelele, wanafungiana tu simu. Sisi tulikuwa na kibodi moja, kitanda kimoja na sufuria moja, na hasira ilikosa mahali pa kulala ikaenda zake kabla ya chakula. Nilidhani ni umaskini. Kisha nami nikakua, nikajenga nyumba yenye vyumba vinne na ua wa kuizunguka, na kwa miaka sita nikawa na hamu na ndugu yangu kila siku, huku nikimwona kila siku akipita.